Klachi ya kirikuu imekwisha ndani ya miezi mitano: ninakosea wapi kati ya Lushoto na Mombo?

KabichiYaSoni ameuliza:

Ndugu zangu, poleni na majukumu. Naomba msaada wa watu waliozoea magari ya gia za mkono, hasa katika barabara za milimani, kwa sababu kila ninayemuuliza hapa kijiweni ananipa jibu lake, na majibu yenyewe yanapingana.

Nilijifunzia udereva kwenye gari la otomatiki la kaka yangu mjini Tanga. Baadaye nikanunua kirikuu, yaani Suzuki Carry ya gia tano, kwa ajili ya kubeba kabichi, karoti na pilipili hoho kutoka mashamba ya juu ya Lushoto hadi Mombo, ambako malori ya kwenda Dar es Salaam hupakilia. Barabara hiyo ni ya kilomita 33 hivi, na karibu yote ni kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Ninaposhuka ninakuwa na mzigo, kwa kawaida magunia saba ya lumbesa. Ninapopanda mara nyingi ninarudi na matenga matupu na mifuko michache ya mbolea.

Mwezi wa tano tangu niinunue, injini ilianza kunguruma bila gari kuvuta, na ndani kukawa na harufu kama ya kitambaa kilichoungua. Fundi alipofungua alinionyesha sahani ya klachi ikiwa imelika hadi kwenye ribiti. Tumeweka mpya. Alipomaliza aliniambia neno moja tu, kwamba nina mguu mzito, na hakueleza zaidi.

Juma lililopita yakanikuta mengine. Nilisimama kwenye mwinuko pale Soni, katikati ya barabara hiyo, nyuma ya basi dogo lililokuwa linashusha abiria, na nyuma yangu kulikuwa na bodaboda. Basi lilipoondoka nikatoa mguu kwenye breki ili niwahi mafuta, gari likarudi nyuma kama mita moja na nusu, injini ikazimika, na gurudumu la mbele la pikipiki likapinda. Kijana wa watu hakuumia, lakini rimu nimelipa mimi, na maneno niliyoambiwa siku ile mbele ya kina mama wa sokoni sitayaandika hapa.

Maswali yangu ni matatu. Kwanza, gari linaondokaje mlimani bila kurudi nyuma na bila kuunguza klachi? Pili, wenzangu wengi wakianza kuteremka huweka gia nyutro ili kuokoa mafuta. Je, ni sawa? Tatu, nitajuaje wakati wa kubadili gia, maana kirikuu yangu haina saa ya kuonyesha mizunguko ya injini?

MwalimuWaAlamaL amejibu:

Pole kwa yaliyokukuta, na heri umeyauliza mapema. Ninafundisha udereva, na ninakuhakikishia kwamba kosa la pale Soni ndilo la kwanza kwa karibu kila mwanafunzi anayetoka kwenye otomatiki. Otomatiki ukiiachia breki hujisogeza mbele yenyewe kidogo kidogo, kwa hiyo mguu wako wa kulia umezoea kuhama kutoka breki kwenda mafuta bila haraka. Gari la gia za mkono likiwa limekanyagwa klachi halijui kama lina injini. Kwenye mwinuko litarudi nyuma tu, kama tela lililofunguliwa.

Elewa kwanza klachi ni nini, kwa sababu ukiielewa hutahitaji kukariri. Injini inazunguka muda wote, magurudumu yanasimama na kuondoka. Kati yao kuna sahani inayobanwa kwenye flaiwili, yaani gurudumu zito la chuma linalozungushwa na injini. Pedali ikiwa juu kabisa, sahani imebanwa na vyote vinazunguka pamoja, hakuna msuguano. Pedali ikiwa chini kabisa, vimeachana, hakuna msuguano pia. Uharibifu wote hutokea pale katikati, sehemu tunayoiita balansi, ambapo sahani inasuguana na flaiwili ikiwa bado haijashika sawasawa. Sehemu hiyo ni ya kupita, kama kizingiti cha mlango. Wewe, kwa maelezo yako, ninahisi umekuwa ukikaa juu ya kizingiti.

Sasa kuondoka mlimani. Gari likiwa limesimama, vuta breki ya mkono mpaka ishike kweli. Kanyaga klachi hadi chini, weka gia namba 1. Ongeza mafuta kidogo, sauti ipande kutoka ile ya kuunguruma taratibu hadi ile ya kupanda ngazi, kisha inua klachi polepole. Kuna mahali sauti ya injini itashuka na gari litakaa chini upande wa nyuma, kwa sababu kirikuu husukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwa kuwa injini yake iko chini ya kiti, utausikia mtikisiko mwilini kabla hata ya sikio. Mguu wa klachi usimame hapo hapo. Shusha breki ya mkono kwa utulivu. Gari halitarudi, litaanza kupanda. Ongeza mafuta kidogo huku ukimalizia kuinua klachi, na likishatembea mita tatu au nne mguu uwe umekwishatoka kabisa kwenye pedali. Tendo zima lisizidi sekunde mbili au tatu.

Kafanye mazoezi asubuhi na mapema, gari likiwa tupu, mahali penye mwinuko mdogo usio na watu. Weka jiwe hatua moja nyuma ya gurudumu la nyuma, si kwa ajili ya usalama tu, bali kwa sababu ukiligusa utasikia na utajua umerudi. Rudia mara ishirini. Wanafunzi wangu wengi hufika mara ya kumi na mbili hivi ndipo mguu wa kushoto unapoanza kufikiri wenyewe.

Makosa matatu yanayoua klachi mapema nitayataja kwa ufupi. La kwanza ni kulizuia gari mlimani kwa balansi ya klachi na mafuta badala ya breki, hata kama ni kwa kungoja basi lishushe abiria mmoja. La pili ni kupumzisha mguu juu ya pedali wakati wa safari. Mguu unaodhani umepumzika tayari umeibonyeza nusu inchi. La tatu ni kuondokea gia namba 2 kwa sababu namba 1 inakuchosha. Sahani ile inabeba uzito wote wa gari kwa sekunde chache za msuguano, na namba 2 huzirefusha sekunde hizo.

Kuhusu kubadili gia, saa ya mizunguko si lazima, na magari mengi ya aina yako hayana. Kwenye tambarare, na mzigo wa wastani, namba 2 iingie kwenye kilomita 15 kwa saa, namba 3 kwenye 30, namba 4 kwenye 45 na namba 5 baada ya 60. Hayo ni makadirio ya kuanzia. Mlimani unaichelewesha kila gia, kwa sababu katika ule muda wa kubadili gari linapoteza mwendo, na ukiwahi utajikuta gia ya juu haina nguvu ya kupokea. Ukiona gari linatetemeka na kugonga kama mtu anayebisha hodi, gia imezidi kuwa nyepesi, shusha namba. Usilikandamize mafuta likiwa katika hali hiyo, kwa sababu injini ndogo inayolazimishwa kuvuta polepole huumia kuliko inayozunguka kwa kasi.

Swali la kuteremka namwachia mwenye mamlaka nalo zaidi yangu.

MzeeWaMasafa amejibu:

Nimeendesha malori kwa miaka 31, sehemu kubwa ikiwa Dar es Salaam hadi Tunduma na kuvuka kwenda Zambia, na sasa nimestaafu ninafuga kuku. Mlima Kitonga nimeushuka mara ambazo siwezi kuzihesabu. Kwa hiyo, kijana wangu, swali lako la pili ninalichukua mimi.

Kabla sijaendelea, tukubaliane maneno, kwa sababu nimeona watu wakigombana bure. Wapo wanaosema gia kubwa wakimaanisha namba 5, na wapo wanaosema gia kubwa wakimaanisha namba 1 kwa kuwa ndiyo yenye nguvu. Mimi nitasema gia nzito kwa namba 1 na 2, na gia nyepesi kwa namba 4 na 5.

Mteremko unashukwa kwa gia nzito. Nyutro haishushi mtu mlima, inamwangusha polepole. Gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya mafuta, magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini, na injini haitaki kusukumwa, kwa hiyo inalishika gari. Hiyo ndiyo breki ya injini. Haichoki, haipati moto wa kuiharibu, na haiombi upepo wala mafuta ya breki. Ukiweka nyutro umeikata, umebaki na breki za miguu peke yake, na hizo zina mwisho.

Sisi tulifundishwa hivi: mlima uliopandia namba 2, ushukie namba 2. Tena gia hiyo unaiweka juu, kabla mteremko haujaanza, gari likiwa na mwendo mdogo na akili yako imetulia. Huiweki katikati. Dereva anayeanza kuteremka na namba 4, kisha akaona mwendo unamzidi, akakanyaga klachi ili ashushe gia, katika ile nukta moja anakuwa hana gia wala breki ya injini, na mwendo unapanda. Akiikosa namba 3, na mara nyingi anaikosa kwa sababu magurudumu yamekwisha kukimbia kuliko gia inavyokubali, anabaki kwenye nyutro asiyoitaka. Nimeona wenzangu walivyoondoka hivyo. Sitaeleza zaidi.

Breki ya mguu itumie hivi. Chagua mwendo wako, tuseme kilomita 30 kwa saa. Ukifika 35, kanyaga kwa nguvu ya kutosha, ushuke mpaka 25, kisha toa mguu kabisa. Acha breki zipumue. Gari litapanda tena polepole kwa sababu injini inalishika, na utarudia. Yule anayekandamiza breki kidogo kidogo kutoka juu mpaka chini bila kuachia anadhani anaendesha kwa tahadhari, kumbe anazikaanga. Ukifika chini ukasikia harufu inayowasha pua, usimwage maji kwenye magurudumu kama ninavyoona vijana wakifanya. Chuma cha moto kikimwagiwa maji ghafla hupinda na hata kupasuka. Simama mahali tambarare, nunua chungwa, ngoja.

Na usizime injini kwa kisingizio chochote ukiwa unateremka. Ukizima, breki zenye sevo, yaani kisaidizi cha breki kinachotegemea injini, zitakubali mara mbili au tatu kisha pedali itakuwa ngumu kama jiwe, na ukivuta ufunguo, usukani unaweza kujifunga kwenye kona.

Mteremko_Saba amejibu:

Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote naomba kutofautiana kidogo. Nimeendesha kirikuu kati ya Lushoto na Mombo kwa miaka sita, ninateremka na nyutro sehemu zilizonyooka, na sijawahi kupata ajali. Mafuta yamepanda bei na faida ya gunia la karoti kila mtu anaijua. Gari likiwa kwenye gia nzito injini inalia muda wote. Inawezekanaje injini inayolia itumie mafuta kidogo kuliko iliyotulia kwenye sailensi, yaani inayonguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta? Tena kulia huko kwa kilomita kumi na kitu hakuiharibu injini?

FundiWaGiaboksi amejibu:

Mteremko_Saba, swali lako ni la haki na lina jibu la kifundi, kwa hiyo tuliache suala la miaka sita pembeni.

Injini kulia na injini kunywa mafuta ni mambo mawili. Kwenye injini yenye mfumo wa sindano za umeme, ukitoa mguu kwenye mafuta gari likiwa ndani ya gia na mizunguko ikiwa bado juu, kompyuta hufunga sindano kabisa. Mafuta yanayoingia wakati huo ni sifuri. Injini inazungushwa na magurudumu, bure. Ukiweka nyutro, kompyuta hulazimika kufungulia mafuta ili injini isizimike. Kwa hiyo aliye kwenye nyutro ndiye anayetumia mafuta. Kwenye kirikuu za zamani zenye kabureta hesabu inabadilika kidogo, kwa kuwa kabureta haina akili ya namna hiyo, lakini hata huko unachookoa kwenye mteremko mmoja hakitoshi kununua soda. Seti moja ya pedi za mbele inakula akiba yako ya miezi.

Kuhusu injini kuumia, kinachoumiza ni kuizungusha kupita kiwango chake, si kule kulia kwenyewe. Ukiona inalia kwa ukali kuliko unavyoweza kuilizia wewe mwenyewe kwa kukanyaga mafuta, umechelewa kupunguza mwendo; tumia breki, mwendo ushuke, sauti itatulia.

Sasa nirudi kwa mwenye swali, kwa sababu kuna jambo amelisema kwa kupitia tu ambalo mimi nimeshtuka nalo. Kirikuu imetengenezwa kubeba kilo 350. Injini yake haifiki hata sentimita za ujazo 660. Gunia moja la lumbesa la kabichi hupita kilo 100, na wewe unapakia saba. Hiyo ni zaidi ya kilo 700, mara mbili ya uwezo wa gari, kwenye gari ambalo lenyewe lina uzito wa kilo 700 hivi.

Tufanye hesabu pamoja. Kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka karibu mita 1,000. Gari, mzigo na wewe mwenyewe ni karibu tani moja na nusu. Nishati inayotoka kwa kuushusha uzito huo lazima iende mahali. Toa nusu nzima inayoliwa na upepo na matairi. Inayobaki inatosha kuchemsha ndoo ya lita 20 ya maji baridi ya Lushoto mpaka yatokote. Ukishuka kwa gia nzito, sehemu kubwa ya joto hilo inachukuliwa na injini na kutoka kupitia bomba la moshi na rejeta. Ukishuka kwa nyutro, ndoo nzima unaichemshia kwenye diski mbili ndogo za mbele na ngoma mbili za nyuma.

Na hapo ndipo mafuta ya breki yanapoingia. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na yakishachanganyika na maji kiwango kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke, mvuke unabanika, na pedali inakwenda hadi sakafuni bila kushika chochote. Gari linapoa, breki zinarudi, na dereva anaapa kwamba zilifeli zenyewe. Badilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili, na Lushoto kulivyo na ukungu, mimi ningefanya mapema zaidi. Nyongeza kwa Mzee, kwa heshima: kanuni ya kushuka kwa gia uliyopandia ni nzuri, lakini huyu kijana hupanda na matenga matupu na kushuka na kabichi. Gia ya kupandia ikiwa namba 3, ya kushukia iwe namba 2, na kwenye kona kali za chini ya Soni hata namba 1.

Mwisho, klachi yako mpya. Kabla ya kulaumu mguu, kagua kebo. Kirikuu nyingi hutumia kebo, na pedali lazima iwe na mchezo, yaani ishuke bure kidogo, kama upana wa kidole kimoja hadi viwili, kabla hujaanza kuhisi uzito. Kama haina mchezo hata kidogo, fundi ameikaza kupita kiasi na sahani haibanwi sawasawa hata ukitoa mguu. Itaungua hata ikiendeshwa na Mwalimu mwenyewe. Kuna kipimo rahisi: mahali tambarare, mbele pakiwa wazi, vuta breki ya mkono kwa nguvu, kanyaga na ya mguu, weka gia namba 4, kisha inua klachi polepole bila kuongeza mafuta mengi. Klachi nzima itaizima injini palepale. Injini ikiendelea kunguruma klachi ikiwa imeachiwa, inateleza. Usirudie kipimo hicho mara nyingi, kwa sababu chenyewe kinaila klachi.

KabichiYaSoni amerudi:

Shikamooni wakubwa. Nimechukua siku nane kabla ya kujibu kwa sababu nilitaka nijibu nikiwa nimefanya.

Kebo ilikuwa imekazwa. Pedali ilikuwa inashika tangu juu kabisa. Nilikwenda kwa fundi mwingine, akalegeza nati kwa dakika tano, sasa kuna mchezo wa kidole kimoja na nusu. Nilivua kiatu changu cha mvua nilichozoea kuendeshea, kwani niligundua kwamba kwa kile buti sikuwa nikihisi kama mguu umeigusa pedali. Mazoezi ya jiwe nimeyafanya kwenye njia ya kanisani alfajiri. Nililigusa jiwe mara nne za kwanza, kisha sikuligusa tena.

Kuteremka na namba 2 kulinitia wasiwasi siku ya kwanza kwa ajili ya ile kelele, na mabasi yalinipita mawili huku makondakta wakinicheka. Ila nilipofika Mombo nilishika rimu ya mbele kwa kiganja nikaweza kukiacha pale. Zamani nisingethubutu hata kusogeza mkono. Mzigo nimepunguza hadi magunia matatu ya kawaida, na ninafanya safari mbili siku za soko. Sijajua bado kama hesabu itanilipa, hilo nitaliangalia mwisho wa mwezi.

Limebaki moja. Ninaposhusha kutoka namba 3 kwenda namba 2, gia inakwaruza, hasa asubuhi. Na gia ya kurudi nyuma nayo hupiga kelele mara kwa mara. Je, giaboksi nayo imekwisha?

MzeeWaMasafa amejibu:

Marahaba, mwanangu. Huenda haijaisha. Namba 2 ndiyo inayofanyiwa kazi kuliko zote katika barabara kama hiyo, na sinkronaiza yake huchoka kwanza. Kile kipete kazi yake ni kulinganisha mwendo wa meno kabla hayajakutana. Kikilika, meno yanakutana yakiwa na mwendo tofauti, ndiyo hiyo sauti.

Malori tuliyoanza nayo sisi hayakuwa na kitu hicho kabisa, tulikuwa tunalinganisha kwa miguu. Jaribu: ukiwa na namba 3, kanyaga klachi, toa gia hadi nyutro, achia klachi. Hapo hapo gusa mafuta kidogo, injini ipande sauti. Kanyaga klachi tena, ingiza namba 2. Ikiwa umepatia, rungu la gia litaingia lenyewe kama kisu kwenye siagi, hutahitaji hata kusukuma. Tunaita klachi mbili. Mwanzoni utaona ni kazi, na utakosea mafuta, mara mengi mara machache, lakini kwa mwezi mmoja mguu utajua. Jifunzie kwenye tambarare ya Mombo, usijifunzie kwenye mteremko. Na baada ya kuingiza gia, mkono urudi kwenye usukani. Ukiuacha umelala juu ya rungu, kule ndani kuna uma unaosukuma gia, na uzito wa mkono wako unaula taratibu.

FundiWaGiaboksi amejibu:

Ninaongeza mawili tu. Gia ya kurudi nyuma katika magari mengi haina sinkronaiza, kwa hiyo gari lisimame kabisa, kanyaga klachi hadi chini, hesabu mbili, ndipo uingize. Ikigoma, gusa kwanza namba 1 kisha urudi. Ikiwa inakwaruza hata baada ya kusubiri hivyo, sasa klachi haiachii vizuri, na pengine fundi wako amelegeza kebo kupita kiasi. Irudishe kidogo, mchezo ubaki kidole kimoja.

La pili ni oili ya giaboksi. Ukwaruzaji wa asubuhi unaopungua gari likipata joto mara nyingi ni oili iliyozeeka, iliyopungua au isiyo ya aina yake. Muulize fundi aikague kabla hajakushawishi kununua giaboksi nyingine. Na unapoegesha huko juu, mbele ikiwa imeelekea mlimani acha gia namba 1, ikiwa imeelekea bondeni acha gia ya kurudi nyuma, vuta na breki ya mkono, na jiwe liwe upande wa bondeni wa gurudumu.

MzeeWaMasafa amejibu:

Na ukiondoka, lile jiwe liondoe barabarani.